Moja Bila Kamuoa Mama Mkwe

Habari iliingia kijiweni kwa Bhoke saa saba mchana, kabla birika la pili halijachemka, na iliingia kwa miguu ya Kalisti, mtu ambaye Nyarugusu nzima humwita Redio Mbao kwa kuwa hajawahi kupokea neno akalifikisha likiwa na uzito uleule.

“Moja Bila kaoa!” alipiga kelele akiwa bado ng'ambo ya barabara.

Kelele peke yake haikuwa jambo la ajabu. Kijiwe cha Bhoke kiko hatua ishirini kutoka kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na karasha likinguruma hata mtu anayeomba kijiko huomba kama anaita zimamoto. Wateja wa pale wamezoea hivyo kiasi kwamba wakienda msibani hunong'ona kwa sauti ya mnadani. Kilichowashtua ni hilo jina. Moja Bila alikuwa palepale kwenye benchi, kikombe cha kahawa mkononi, na hakuwa na taarifa yoyote ya harusi yake.

Jina lake la ubatizo ni Sostenes. Miaka minne iliyopita mkanda wa karasha hilohilo uliukamata mkono wake wa kushoto ukaondoka nao mpaka juu ya kiwiko. Alipotoka hospitali, kijiwe kilimpa pole kwa siku tatu, na siku ya nne kikampa jina: Moja Bila, mkono mmoja kwa sifuri. Watu wa nje walisema huo ni ukatili. Sostenes mwenyewe alicheka mpaka akatokwa na machozi, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kwa mtu kumtazama pale palipokatika bila kugeuza uso. Tangu siku hiyo alikipenda kijiwe kile kuliko alivyolipenda kanisa, na padri alilijua hilo.

“Nimeoa nani?” aliuliza.

“Mama mkwe wako!”

Wiliam alipaliwa na kahawa. Bhoke, mama wa Kikurya kutoka Tarime ambaye wateja humwita Afande kwa jinsi anavyowapanga kwenye benchi, alishusha birika chini taratibu.

“Kalisti,” alisema, “hebu rudia hilo neno, nijue kama nikumwagie ya moto au ya vuguvugu.”

“Si maneno yangu, Afande! Orodha imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Nimepiga picha, hii hapa.”

Simu ilipita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Wiliam, naye akakohoa, akaketi vizuri. Wiliam ndiye Wakili wa kijiwe. Aliwahi kufagia mahakama ya mwanzo kwa miezi minane, na husema mwenyewe kwamba sheria nyingi zilikuwa zimeanguka chini, yeye akaziokota.

“Mahakama inaketi, nyamazeni,” alisema. “Orodha ya wanufaika wa Mpango wa Shika Mkono, wazee na wenye ulemavu...”

“Nao huo mpango,” alidakia Boaz kutoka mwisho wa benchi. “Mtu mkono hana, unamwambia shika mkono. Ashike upi?”

Boaz ndiye Mzee wa Rashi. Dhahabu ikiibuka popote na watu wakaikimbilia, Chato, Kahama, porini kusikojulikana, yeye huwahi kufika wiki moja baada ya kuisha.

“Namba arobaini na saba,” Wiliam aliendelea. “Sostenes Bujiku, miaka thelathini na tisa, asiyejiweza. Anayemtunza, mkewe, Sesilia Ngusa. Namba arobaini na nane. Sesilia Ngusa, miaka sitini na nane, asiyejiweza. Anayemtunza, mumewe, Sostenes Bujiku.”

Benchi zima lililipuka kwa kicheko. Sesilia Ngusa ndiye Mama Martina, na Martina ndiye mke wa Sostenes aliyeondoka.

“Kwa hiyo Martina sasa ni binti yako wa kambo!” Kalisti alipiga makofi. “Akirudi anakuamkia!”

“Shikamoo baba!” alisema Boaz kwa sauti nyembamba ya kike.

Sostenes alicheka na wenzake kwa sababu kijiweni usipocheka unachekwa mara mbili, lakini masikio yalikuwa yamemchemka. Kwa Msukuma mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Hamli sahani moja, huingii anapolala, na mkikutana njiani ni lazima mmoja wenu akumbuke kitu alichosahau alikotoka. Na sasa serikali ilikuwa imewalaza kitanda kimoja na kuwabandika ukutani kwa gundi.

“Ni w,” alisema.

“Nini?”

“Herufi w! Siku aliyokuja karani wa kuandikisha, mimi nilikuwa kisimani. Akamuuliza mama, huyu kijana ni nani yako? Mama akasema mkwe. Ila si mnajua kiharusi kilivyomharibu mdomo? Anaongea yote, lakini w haitoki. Akasema mke.”

Bhoke alimtazama. “Yaani bibi wa miaka sitini na nane amwambie karani kwamba dume zima hili ni mke wake, na karani aone ni sawa?”

“Hakuona sawa. Ndiyo maana akasahihisha. Akaandika mume.”

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na toroli la mawe alisimama kucheka bila kujua anacheka nini.

“Ngojeni,” alisema Wiliam, na sauti yake ilikuwa imepungua. “Chini hapa kuna maandishi mekundu. Wasiojiweza wawili hawawezi kutunzana. Namba arobaini na saba athibitishe kwa afisa kama anajiweza au hajiwezi. Mwisho leo saa kumi jioni.”

“Sasa ubaya uko wapi?” Kalisti aliuliza. “Aseme hajiwezi, achukue ruzuku yake.”

“Akisema hajiwezi, bibi anabaki bila mtunzaji. Na mzee asiye na mtunzaji anapelekwa makao ya wazee. Kuna gari limepangwa wiki ijayo, limeandikwa hapa.”

“Basi aseme anajiweza.”

“Akisema anajiweza, bibi anabaki, ila yeye anafutwa. Mkono wake unahesabika upo.”

Hapo ndipo utani ulipopungua moto, kwa sababu kila mtu pale alijua maisha ya Sostenes. Kazi yake ilikuwa kulinda viroba vya mawe vya watu pale kwenye karasha, kazi ya saa mbili saa tatu kwa siku, kwa kuwa zaidi ya hapo hawezi kukaa mbali na nyumbani. Bila ruzuku ingembidi arudi kuvuta kamba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kutwa nzima, kwa mkono huo mmoja, na Mama Martina ashinde peke yake akitazama bati. Na kama angechagua ruzuku, gari lingekuja kumchukua bibi.

“Hivi mtu hawezi kukosa mkono na bado akampikia mwenzake uji?” Bhoke aliuliza kwa hasira, kama vile fomu imekaa pale kwenye benchi na haijalipa kahawa.

“Kimaisha anaweza,” alisema Wiliam. “Kifomu hawezi. Hata wahenga wako upande wa serikali, Afande. Mkono mmoja haulei mwana.”

“Yeye halei mwana, analea mkwe.”

“Hilo wahenga hawakuliona.”

“Mama si ana binti?” Kalisti alisema. “Mpigieni Martina aje abebe mzigo wake.”

“Hapana,” alisema Sostenes. “Nikitaja jina hilo, mama hanywi uji siku mbili.”

Ukweli ulikuwa mrefu kuliko hapo. Mkono ulipokatika, Mama Martina alikuja kutoka kwao upande wa Maganzo kumsaidia binti yake kuuguza. Binti alichoka kabla kidonda hakijakauka. Miezi minne mama yule alimnywesha Sostenes uji kwa kijiko, uso ameuelekeza ukutani kwa heshima ya ukwe, na alimfunga vifungo vya shati akiwa amefumba macho. Martina akaaga kwamba anakwenda msibani kwa shangazi, atarudi Jumapili. Baadaye wakasikia yuko Maganzo kwa dalali wa almasi, mtu mwenye mikono miwili na pikipiki. Watu walimwambia Mama Martina afungashe. Akasema hawezi kuiacha nyumba yenye aibu ya mwanawe bila kuisafisha kwanza. Alikuwa bado anasafisha siku alipoanguka pale jikoni, upande wote wa kushoto ukafa ganzi.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Zipora, jirani, huja kila asubuhi kumwogesha na kumgeuza, haraka haraka kwa kuwa ana watoto watano wa kwake. Mengine yote ni Sostenes. Alitundika khanga katikati ya chumba, akawa anapitisha kijiko kwa chini bila kuona kinakokwenda, mama akimwelekeza kutoka upande wa pili. Mwezi wa kwanza uji uliingia sikioni mara nyingi kuliko mdomoni. Siku hizi hakosei hata tone. Watu humsifu akawaambia ni wajibu tu, lakini ukweli ni kwamba anampenda bibi yule, anampenda kwelikweli, na hajui mtu wa kumwambia jambo kama hilo kwa Kiswahili wala Kisukuma.

“Sikilizeni,” alisema Boaz. “Mtu wa rashi hachagui shimo moja. Anachimba yote mawili. Moja Bila, wewe uonekane hujiwezi mpaka afisa mwenyewe atafute kiti. Akikuona ulivyo hoi, atakupa ruzuku na mtunzaji na labda godoro.”

“Legeza shingo,” Kalisti alishauri.

Sostenes aliilegeza shingo kidogo.

“Umekuwa kama kuku wa sadaka. Zaidi!”

“Wakili, sheria inasemaje?” Boaz aliuliza.

Karasha lilikuwa linaunguruma kwa nguvu zake zote, hivyo Wiliam alisimama juu ya benchi ili asikike. “SHERIA INARUHUSU ZAMU! ASEME ANAJIWEZA ZAMU YA ASUBUHI, ZAMU YA JIONI HAJIWEZI! KAMA DUARANI!”

“FOMU HAINA ZAMU!” Bhoke alimjibu.

“BASI ACHEZE UGONJWA! AFANDE, MNYWESHE HIYO KAHAWA KWA KIJIKO!”

Bhoke alikataa, kisha akachukua kijiko. Kahawa ikamchuruzika Sostenes kidevuni. Alijisikia mpumbavu, na alijisikia pia kwamba watu hawa wanampenda, na mambo hayo mawili kijiweni huja pamoja.

“VIZURI!” Wiliam alinguruma. “SASA NA HUO MKONO MZIMA...”

Umeme ukakatika. Karasha likakohoa mara moja, likanyamaza, na mtaa mzima ukanyamaza nalo.

“... NAO UULEGEZE, AFISA HATAJUA KAMA NI MZIMA!”

Maneno yalitoka kijiweni, yakavuka barabara, yakagonga ukuta wa ofisi ya kijiji na kurudi. Kuku mmoja aliruka. Mbele ya benchi alikuwa amesimama dada mwembamba mwenye faili ubavuni na vumbi jekundu mpaka magotini.

“Afisa ameshajua,” alisema. “Shikamooni.”

“Marahaba,” waliitikia wote kwa sauti ya watoto wa shule, na Wiliam akashuka kwenye benchi akitumia njia ndefu.

Alijitambulisha kwamba anaitwa Violeth, wa ustawi, na anamtafuta Sostenes Bujiku. Vidole vinne vilimwonyesha. Sostenes alikuwa bado amepinda shingo, kahawa ikidondoka.

“Hiyo shingo nayo imo kwenye fomu?” Violeth aliuliza.

“Hapana, dada. Hii nimeipata leo.”

“Inauma?”

“Inaanza kuuma sasa hivi.”

Bhoke aliangua kicheko, akamfuta Sostenes kidevu kwa upindo wa khanga yake, akamwambia akae kama mtu. Violeth alipewa kigoda na kahawa ya tangawizi. Alikunywa nusu kikombe kabla ya kufungua faili, na kila mtu akamhesabia hilo kuwa ni jambo jema.

“Kaka Sostenes, mimi nina swali moja tu. Unajiweza au hujiwezi?”

Sostenes alifikiri. Anasonga ugali mwenyewe. Anafua, anakamua nguo kwa kuikanyagia upande mmoja. Anafunga vifungo kwa meno. Lakini kuna jambo dogo kabisa ambalo amelijaribu miaka minne likamshinda, kukata kucha za mkono wake wa pekee, na kila Jumamosi Bhoke humkata huku akimtukana. Je, mtu wa namna hiyo anajiweza?

“Inategemea unaniuliza kwa lipi, dada.”

“Fomu haiulizi kwa lipi.”

“Basi haijaniuliza mimi.”

“Kaka yangu, naelewa. Lakini saa kumi mtandao unafunga, na mimi nisipojaza, utajaza wenyewe. Na ukijaza wenyewe unafuta wote wawili.”

“Wote wawili?” Boaz alishtuka.

“Wote wawili.”

Sostenes alitazama simu yake. Ilikuwa saa nane na dakika tano. Alisimama.

“Dada, unisamehe. Mama hajanywa uji, na saa nane imepita.”

“Nami nakuja,” alisema Violeth. “Uhakiki ni kuona.”

Bhoke alifunika vikombe kwa sinia, akachukua nafasi yake nyuma ya afisa, na kijiwe kizima kikafuata. Nyumba haikuwa mbali, ni ya tatu nyuma ya karasha, chumba na jiko la nje. Wanaume wakajipanga chini ya dirisha, Kalisti akiwa na simu tayari.

Violeth alisimama mlangoni mwa jiko akatazama. Sostenes alikuwa amechomelewa pete ya chuma juu ya jiko la mkaa, sufuria inakaa ndani yake kama mguu ndani ya buti, haichezi. Alimimina unga wa ulezi, akakoroga, akashika kijiko cha sukari kwa meno huku akiendelea kukoroga, akaonja, akaepua kwa kitambaa. Ilichukua muda ule ule ambao ingemchukua mtu yeyote. Violeth alianza kuandika kitu, kisha akaacha.

Ndani, Sostenes aliketi upande wake wa khanga na kupitisha kijiko kwa chini.

“Juu,” ilisema sauti kutoka upande wa pili, nzito, kama ya mtu mwenye ugali mdomoni. “Kulia. Hapo. Moto sana, puliza.”

Alipuliza. Violeth alipitia pembeni mpaka akamwona mama aliyelala pale, mdogo, kichwa kimefungwa kitambaa safi, jicho moja kali.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Ni karani?”

“Mimi ni afisa, mama. Nimekuja kusahihisha karatasi. Huyu anayekunywesha uji ni nani yako?”

Nje ya dirisha pumzi zilikatika. Mama Martina alikusanya midomo, upande mmoja ukatii, wa pili ukabaki ulivyo.

“Mke,” alisema.

“Mama, w!” Wiliam alinong'ona kwa sauti ya mnadani. “Ikaze w!”

“Mke!”

“Sukuma kwa ulimi, mama!”

“MKE!”

Kalisti alikuwa amekaa chini kwa kicheko. Lakini Sostenes, upande wake wa khanga, alisikia bibi anavyohema, na kicheko cha nje kilimchoma. Alikuwa anamjua. Akishindwa neno mbele ya watu hulia baadaye, na akilia anakohoa.

“Mwache, dada,” alisema. “Ni mkwe. Mimi ni mkwe wake.”

Violeth alishusha pumzi. “Tatizo, kaka, mkwe hayumo kwenye fomu. Nina mke au mume, nina mtoto, nina ndugu mwingine. Mkwe anaingia ndugu mwingine, na ndugu mwingine lazima aseme anajiweza. Tunarudi palepale.”

“Na mtoto?” Bhoke aliuliza kutoka mlangoni.

“Mtoto haulizwi. Mtoto wa kuzaa au wa kulea, akiwa mzima, akiwa na ulemavu, haulizwi kama anajiweza. Waliotengeneza fomu wameona mtoto kumtunza mzazi si kazi, hakuhitaji nguvu.”

“Waliotengeneza hiyo fomu hawajawahi kumgeuza mzazi kitandani,” alisema Bhoke.

Kisha kutoka nyuma ya khanga likatoka neno ambalo Sostenes hakuwahi kulisikia ndani ya nyumba ile.

“Manangu.”

Violeth aligeuka. “Anasema nini?”

“Mwanangu,” alisema Wiliam dirishani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alilisema kwa sauti ya kawaida. “Anasema ni mwanangu.”

“Wa kulea, mama?” Violeth aliuliza taratibu.

“Miezi minne,” alisema Mama Martina. “Uji. Kijiko. Vifungo. Kulea ni nini kingine?”

Neno la mwisho alilitamka bila kosa hata kidogo, na akamtazama afisa kwa lile jicho moja kama anayemuuliza kweli. Violeth akainama kwenye karatasi. Kalamu ilifika kwenye safu, ikasimama.

“Kaka Sostenes, nisikilize vizuri. Kwenye daftari la kaya, Martina ameandikwa hapa kuwa binti wa huyu mama. Nikikuandika mtoto, nyinyi wawili mnakuwa ndugu. Siku akirudi, ukija kuniambia ni mkeo, kompyuta itakukatalia. Itasema ni dada yako.”

Kule nje Kalisti aliteremsha simu yake bila kuambiwa na mtu.

Sostenes alitazama ukuta. Alikuwa amewaambia wote, miaka yote hii, kwamba hamngojei Martina. Ulikuwa uongo. Martina aliposema atarudi Jumapili hakutaja Jumapili ipi, na Sostenes alikuwa amezifagilia zote uwanja, kila moja, zaidi ya mia moja na hamsini, akijidanganya kwamba anafagia kwa sababu ya kuku. Aliijua sauti ya viatu vyake kokotoni. Hata sasa, pikipiki ikipunguza mwendo pale nje, moyo wake ulikuwa bado unaruka kama wa mjinga. Ilimuuma kuona jambo kubwa kiasi kile likiingia kwenye kisanduku cha ukubwa wa punje ya mahindi.

Upande wa pili wa khanga mama hakumwomba. Alikuwa anamtoa binti yake wa kumzaa kwenye ndoa, na yeye mwenyewe alijua anachokifanya, na alisubiri.

“Andika,” alisema Sostenes.

“Una hakika?”

“Andika mtoto, dada. Na mimi niandike asiyejiweza, mkono hauna haja ya maelezo.”

Violeth aliandika. Sostenes alipochukua kalamu karatasi ilianza kuteleza juu ya faili, kama zinavyoteleza karatasi zote kwa mtu wa mkono mmoja, na afisa akaishika kwa vidole viwili mpaka alipomaliza kusaini. Kisha akapiga muhuri, akaupulizia, akasema ruzuku zote mbili zitaingia kila mtu kwa jina lake na gari halitakuja. Aliaga kwa shikamoo, akatoka akifuta macho, akasema ni moshi wa mkaa.

Dirishani kijiwe kilipata pumzi.

“Mahakama imevunja ndoa bila hata kuombwa,” alisema Wiliam.

“Saa saba mume, saa nane na nusu mtoto,” alisema Kalisti. “Kwa mwendo huu kesho tunamkuta mjukuu.”

“Jamani, na ng'ombe je?” Boaz alikumbuka. “Alitoa ng'ombe kumi na wawili! Mtu hamtolei dada yake mahari. Warudi! Mimi nitakwenda Maganzo kuwafuata.”

“Utafika wiki moja baada ya kuchinjwa,” alisema Bhoke. “Tokeni hapo, mnamtolea mgonjwa macho. Wiliam, wewe ndiye wa kwanza, mguu pande, tembea!”

Wakaondoka wakibishana, mmoja akidai ng'ombe ni kumi na wanne, mwingine akisema mmoja alikuwa kilema hivyo hahesabiwi, na sauti zao zilikwenda zikipungua mpaka umeme uliporudi na karasha likazimeza zote.

Sostenes alibaki amekaa na bakuli tupu. Hakujua afanye nini na uso wake.

“Manangu,” alisikia.

“Naam, mama.”

“Ingia.”

Alisimama mbele ya khanga. Miaka mitatu hakuwahi kuigusa ila kuiosha. Akaisogeza, na kwa mara ya kwanza akamtazama mama huyo usoni, naye mama akamtazama, bila haya yoyote, kama mtu aliyengoja zamu yake kwenye foleni ndefu.

“Unataka nini, mama?”

“Mgongo,” alisema Mama Martina. “Nikune mgongo. Miaka mitatu unaniasha.”

“Wapi hasa?”

“Kote.”